Breki ya mkono iliyoganda kwenye lori la zamani: angalia kama kebo inarudi, usiangalie kuvutika peke yake

Msomaji ameniandikia hivi: "Fundi, salaam. Nina lori dogo la mwaka 1967 nililoachiwa na marehemu baba. Lilikaa bandani miaka sita bila kuwashwa, breki ya mkono ikiwa imevutwa. Sasa injini inawaka vizuri, lakini nikishusha mkono wa breki unalegea tu, na gurudumu la nyuma la kushoto halizunguki kabisa. La kulia linazunguka kwa shida. Fundi mmoja kaniambia nipashe kebo moto kwa gesi. Mwingine kaniambia niikate niachane nayo, nikiegesha nitie gia. Kebo mpya ya lori hili sijaipata. Je, hii iliyopo inaokoleka?"

Salaam, ndugu yangu. Mungu amrehemu baba, na hongera kwa kuliamsha lori lake.

Jibu fupi: huenda ikaokoleka, hasa ile ya kulia. Ya kushoto nina mashaka nayo, na nitakueleza jinsi ya kujua kwa macho na vidole vyako mwenyewe. Lakini kabla hujamwaga tone la mafuta, kuna mambo mawili uliyoambiwa ambayo nakuomba uyaache.

La kwanza ni moto wa gesi. Kebo ya breki ni waya mwingi mwembamba uliosokotwa pamoja, na nguvu ya waya ule imetokana na kuvutwa kiwandani ukiwa baridi mpaka ukakakamaa. Ukiupasha mpaka ukawa mwekundu, ile nguvu inaondoka. Utabaki na kebo inayoonekana nzima lakini ni laini kama waya wa kufungia uzio, na siku utakayoihitaji kwenye mteremko itakatika. Zaidi ya hayo, moto unateketeza grisi iliyomo ndani ya ganda ambamo waya huteleza, na kama ganda lina bomba la plastiki ndani, plastiki inayeyuka na kumshika waya vibaya kuliko kutu. Hapo sijataja bomba la petroli na mpira wa mafuta ya breki vilivyo jirani.

La pili ni kutegemea gia. Gia inashika lori kwa mgandamizo wa injini tu, na injini ya umri huo, ringi zake zikiwa zimelika, hupumua polepole na lori likasogea taratibu. Lakini hatari kubwa iko kwingine. Lori lako lina difu, yaani gia za katikati ya ekseli ya nyuma zinazoruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti. Ukiwa umetia gia, propela shafti, ile inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, imeshikwa, na magurudumu mawili ya nyuma yakiwa chini hayawezi kuzunguka pamoja. Inua gurudumu moja tu kwa jeki, na difu inaruhusu lile la hewani lizunguke kinyumenyume huku lile la chini likisonga mbele. Gia haishiki tena kitu, na lori linateleza kutoka juu ya jeki wakati wewe umepiga magoti pembeni yake. Malori na magari ya zamani yenye breki ya mkono nyuma ya giaboksi, kama Land Rover za Series, yana tabia hiyohiyo hata breki ikiwa nzima, kwa sababu breki ile inashika shafti na si gurudumu.

Kwa hiyo, kwa kazi yote inayofuata, egesha mahali tambarare na pagumu. Weka kabari za mbao nzito mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele. Inua ekseli ya nyuma yote, ikae juu ya stendi imara, si juu ya jeki wala matofali. Tikisa lori kwa nguvu kabla hujaingia chini. Likisogea hata kidogo, panga upya.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Watu husema "kebo imeganda" kwa kila breki ya mkono isiyoachia, na wengi hununua kebo au kuitesa iliyopo wakati kebo haina kosa. Kuna vitu vinne vinavyoweza kuganda kwenye njia ile: waya ndani ya ganda lake, egemeo la wenzo ulio katikati chini ya chesisi, wenzo mdogo ulio ndani ya dramu (lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu) uliofungwa kwenye shuu ya breki (kipande kilichopinda kinachosukumwa kwenye dramu), na lainingi yenyewe, yaani kitambaa cha msuguano kilicho juu ya shuu, ikiwa imeshikana na dramu kwa kutu. Kwako, mkono ulioshuka na kulegea unaonyesha kwamba kebo ya mbele imeachia na tatizo liko nyuma yake. Hilo tayari linapunguza kazi.

Ingia chini utafute kile kipande ambapo kebo moja ya mbele inakutana na mbili za nyuma. Mafundi wengine hukiita kisawazishi, kwa sababu kazi yake ni kugawa mvuto sawasawa kushoto na kulia. Kina fimbo yenye uzi wa nati. Safisha uzi ule kwa brashi ya waya, uloweshe mafuta ya kulegeza kutu, uache usiku kucha, halafu ndio ufungue nati. Ukiilazimisha kavu utaikata fimbo, nawe tayari una kazi ya kutosha. Hesabu nyuzi zilizo nje ya nati na uandike, maana utatamani kuijua namba hiyo baadaye. Hapohapo kagua wenzo wa katikati na pini zake. Toa kota pini, chomoa pini, zungusha wenzo kwa mkono. Ukigoma, dawa ni kuufungua, kuusafisha kwa msasa na kuupaka grisi.

Kebo za nyuma zikishakuwa huru upande wa mbele, shika ncha ya kila moja uivute kama sentimita mbili, kisha uiachie. Angalia mambo mawili: je, inavutika, na je, inarudi? Hili la pili ndilo ninalotaka ulibebe katika kazi yote hii. Kebo isiyovutika inakupa lori lisiloshika breki ya mkono, na wewe utalijua jambo hilo mara ya kwanza utakapoegesha. Kebo inayovutika lakini hairudi ni mbaya zaidi, kwa sababu inakudanganya. Unashusha mkono, unaondoka, na nyuma yako shuu moja inaendelea kusugua dramu kilomita baada ya kilomita.

Niliwahi kufanya kosa hilo. Niliilegeza kebo ya pikapu ya zamani kwa mafuta, nikaivuta mara kumi ikaja, nikafurahi, nikairudisha mahali pake. Sikuipima kurudi kwake ikiwa imekunjwa kama inavyokaa chini ya gari. Wiki chache baadaye, baada ya mvua, mwenyewe alisimama njiani kwa sababu ya harufu ya kitu kinachoungua. Dramu ilikuwa na rangi ya samawati ya chuma kilichochomwa, lainingi imepasuka, na oili sili ya ekseli, ule mpira wa kuzuia mafuta, imekauka ikaanza kuvujisha mafuta ya difu juu ya shuu. Kebo ambayo ningeweza kuikataa mezani ilikula dramu, shuu na sili.

Ukishapima pale mbele, fungua dramu. Kwa gurudumu la kushoto utapambana kidogo. Kwanza rudisha nyuma kirekebishi cha shuu kupitia tundu lililo kwenye bamba la nyuma ya dramu, lile linalobeba shuu, au kwenye dramu yenyewe, ili shuu zijikunje ndani. Weka mafuta ya kulegeza kutu pale dramu inapokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kidogo tu, yasitiririke ndani. Kisha gonga dramu kwa nyundo kwenye uso wake, kati ya bolti za gurudumu, ukizunguka pole pole. Usigonge ukingo wake. Chuma cha kusubu hupasuka. Kama lainingi imeshikana na dramu kwa kutu, utasikia sauti ikibadilika ghafla, kutoka ya kuziba kwenda ya kengele. Hapo imeachia. Dramu nyingine zina matundu mawili yenye uzi. Ukitia bolti zinazolingana na kuzikaza kwa zamu, zinaisukuma dramu nje zenyewe. Ikishindikana kabisa, kuna misumari midogo inayoshikilia shuu na vichwa vyake vinaonekana nyuma ya bamba. Vikate kwa tindo, na dramu itatoka pamoja na shuu zake. Misumari ile ni vitu vidogo vya kubadilisha.

Vumbi utakalolikuta ndani ya dramu usilipulize kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo. Lainingi za miaka hiyo mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, ulifute kwa kitambaa, ukifunge kitambaa ndani ya mfuko ukiwa bado umelowa.

Dramu ikitoka, mtazame yule wenzo mdogo uliofungwa kwenye shuu ya nyuma. Mguse. Usukume mbele na nyuma kwa bisibisi. Kama wenzo haujongei kwenye pini yake, basi hapa ndipo penye ugonjwa, na kebo huenda ni mzima wa afya. Kama wenzo unacheza vizuri lakini waya uliounganishwa nao umekaa palepale na haurudi kwenye ganda, umeshampata mgonjwa wako.

Inafaa uelewe anavyougua. Kebo ya aina hii, waya unaoteleza ndani ya ganda, huitwa Bowden, kwa jina la Ernest Monnington Bowden aliyepata hataza yake Uingereza mwaka 1896, na tangu hapo haijabadilika sana. Ganda lenyewe ni waya bapa uliozungushwa kama springi iliyobana, na nje yake kuna kifuniko. Kifuniko kikichanika, au mpira wa kuzuia vumbi mwishoni ukioza, maji yanaingia na kushuka mpaka pale kebo inapojipinda chini kabisa. Yanakaa pale. Kutu inayozaliwa inachukua nafasi mara mbili au zaidi ya chuma kilichokuwepo, na nafasi ndani ya ganda ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Ndiyo maana kebo huganda kwenye kona, si kwenye ncha, na ndiyo maana kupuliza mafuta kidogo kwenye ncha mbili hakufiki popote.

Pitisha vidole juu ya ganda lote, hasa kwenye kona ile ya chini. Ukikuta limevimba, limekuwa na vinundu kama mguu wenye mshipa, usipoteze siku zako. Kutu imeshalisukuma ganda kutoka ndani na waya wa hapo umelika. Hali kadhalika ukiona hata uzi mmoja wa waya umekatika na kusimama kama mwiba wa samaki, au ganda limebonyea. Kebo hiyo ni ya kubadilisha. Nyuzi za waya hukatika moja moja kwa muda mrefu, kisha zilizobaki hukatika zote kwa mara moja.

Kama ganda ni nyororo na nyuzi zote ni nzima, itoe kebo kwenye lori uifanyie kazi mezani. Kazi ya chini ya gari ni nusu kazi. Pale kebo inapopita kwenye bamba la nyuma kuna meno matatu au zaidi ya chuma chembamba yaliyofunguka kama vidole na kuishikilia. Watu huyavunja kwa kuyapinda moja moja kwa koleo. Njia nzuri ni kuchukua klipu ya mpira wa maji ya rejeta, kuivisha juu ya meno yale, na kuikaza kwa bisibisi mpaka meno yote yakunjike kwa pamoja. Halafu gonga kebo kidogo itoke, ukilegeza klipu inapoanza kuingia tunduni. Spana ya ringi yenye ukubwa unaolingana hufanya kazi hiyohiyo: isukume juu ya meno, yanajikunja yenyewe.

Mezani, tundika kebo wima, ncha moja juu. Chukua kipande cha mpira mwembamba wa petroli, urefu wa kiganja, ukivishe kwenye ncha ya juu ya ganda na ukifunge kwa klipu kisivuje. Sasa una kikombe kidogo juu ya kebo. Kijaze mafuta ya kulegeza kutu. Ukiwa huna, dizeli iliyochanganywa na mafuta ya injini kidogo inafaa, ila inataka siku nyingi zaidi. Wapo wanaochanganya asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu; mchanganyiko huo unapenya sana, lakini unashika moto upesi na unaharibu plastiki na mpira, kwa hiyo usiutumie kwenye kebo yenye bomba la plastiki ndani. Weka kopo chini ya ncha ya pili, uondoke.

Hapa subira ndiyo fundi. Saa za kwanza hakuna kinachotokea, kikombe kimejaa vilevile. Rudi jioni ujaze. Siku ya pili au ya tatu utakuta ndani ya kopo tone moja jeusi, zito, na pembeni yake mduara wa rangi ya kahawa. Tone lile ni habari njema: njia imefunguka kutoka juu mpaka chini. Kabla ya tone hilo usivute kitu. Nimeona watu wengi wakibana waya kavu kwa koleo la kufunga na kuuvuta kwa jeki. Waya unakatika palepale kwenye kona, na ile nafasi ya kuokoa inakwisha.

Tone likishatoka, bana kichwa cha ganda kwenye jiliwa, ukiweka mbao mbili laini usikiponde. Usiubane waya wenyewe. Shika ncha ya waya, usukume ndani kwanza, hata milimita moja, ndipo uuvute. Kusukuma na kuvuta, kidogo kidogo, huku mwenzako akigonga ganda kwa nyundo ya mbao pale kwenye kona. Usiuzungushe waya, maana ukiupindua kinyume na msokoto wake unaufumua. Milimita moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa tano. Utahisi kama unavuta kamba iliyojaa mchanga. Ongeza mafuta, endelea. Ikifikia mwendo wake wote, anza kuosha: mimina mafuta ya taa kwenye kikombe huku ukivuta na kusukuma, na utazame kinachotoka chini. Kwanza cheusi, kisha chekundu kama udongo, kisha rangi ya chai. Usiache mpaka kitoke cheupe. Kutu iliyolegea lakini ikabaki ndani ni unga wa kusagia. Itaganda tena ndani ya msimu mmoja.

Acha ikauke, ndipo uipe mafuta ya injini mepesi kwa njia ileile ya kikombe, na mwishoni grisi laini kwenye sehemu za waya zilizo nje. Kebo yenye bomba la plastiki ndani usiitie grisi nzito, inaganda na kukokota vumbi. Silikoni kidogo inatosha.

Kisha mtihani. Nyoosha kebo sakafuni, vuta waya kwa vidole viwili. Lazima uje bila kukwama na urudi ukiusukuma kwa kidole kimoja. Ikifaulu, ikunje sawasawa na ilivyokuwa imekaa kwenye lori, kona kwa kona, urudie. Ni mtihani huu wa pili nilioukosa kwenye ile pikapu. Kebo nyingi hufaulu zikiwa zimenyooka na kufeli zikikunjwa. Ikifeli mara ya pili baada ya kuoshwa vizuri, usiihurumie.

Umesema kebo mpya hukuipata. Hilo halikufungii njia, kwa sababu kebo hutengenezwa. Wapo mafundi wa kebo wanaokata waya na ganda jipya na kubana vichwa kwa presi, kwa kufuata sampuli. Wapelekee ile ya zamani hata kama imekatika vipande viwili, na uwape vipimo ulivyochukua mwenyewe: urefu wa ganda kutoka bega hadi bega, urefu wa waya unaobaki nje ganda likiwa limesukumwa lote upande mmoja, unene wa waya, unene wa ganda, na umbo la kila kichwa, kama ni tufe, pipa, jicho au uzi wa nati. Pima ya kushoto na ya kulia kila moja peke yake. Mara nyingi hazilingani, kwa sababu kisawazishi hakikai katikati ya chesisi. Na ukitengeneza moja, tengeneza zote mbili. Ya kulia imeishi bandani miaka ileile sita.

Kitu ambacho nakuomba usikikubali ni waya wa kawaida uliofungwa ncha kwa vibano vya nati, au kichwa kilichochomelewa. Kibano huteleza pole pole, na kuchomelea kunaufanya waya laini kama nilivyosema kwenye moto wa gesi. Kumbuka kwamba siku mafuta ya breki yakimwagika yote njiani, kebo hii ndiyo breki pekee uliyobakiwa nayo.

Kuifunga ni rahisi kuliko kuitoa. Ingiza kichwa kwenye bamba mpaka usikie meno yote yakifunguka, kisha uvute kwa nguvu kuhakikisha. Springi ya kurudishia iliyo karibu na shuu irudishe nyuma kwa koleo lenye mdomo mrefu, ushike waya nyuma yake, na unase kichwa cha waya kwenye ndoano ya wenzo. Angalia mdomo wa koleo usijeruhi nyuzi. Kabla hujafunga dramu, paka grisi inayostahimili joto, kiasi cha kucha tu, kwenye vile vibonge vya bamba ambavyo shuu hutelezea, na kwenye pini ya wenzo. Isiguse lainingi. Kama lainingi imelowa mafuta ya difu au ya breki, haisafishiki; badilisha, na uzibe kinachovuja.

Chini ya chesisi, fuata njia ileile ya zamani, na klipu zote zirudi. Kebo iwe mbali na bomba la moshi, na kona ziwe pana. Kisha, stendi zikiwa zimehamishiwa chini ya chesisi ili ekseli ining'inie kwa uzito wake, tazama kama kebo ina ulegevu. Springi za mabamba zinaposhuka kwenye shimo, ekseli inaenda mbali na chesisi. Kebo fupi itajivuta yenyewe na kufunga breki katikati ya safari.

Marekebisho yana mpangilio, na wengi huuanza kichwa chini miguu juu. Kebo hairekebishwi kwanza. Mkono ukiwa umeshuka na kebo ikiwa imelegea kabisa, rekebisha shuu kwa kile kirekebishi cha ndani mpaka ziguse dramu, kisha rudisha nyuma mpaka gurudumu lizunguke kwa kunong'ona tu. Kanyaga breki ya mguu mara kadhaa shuu zikae katikati, urudie. Hakikisha wenzo wa kwenye shuu umerudi na kulala kabisa mahali pake pa kupumzikia. Sasa ndipo ukaze nati ya kisawazishi, mpaka ulegevu wa kebo uishe, na usimame hapohapo. Ukikaza kebo ili kuficha shuu zilizolika, wenzo unakuwa umeshanyanyuka kabla hujavuta mkono: shuu zinasugua, na kama breki zako zinajirekebisha zenyewe, mtambo ule unashindwa kufanya kazi yake.

Vuta mkono kwa nguvu mara kumi kebo ijikalishe, kisha hesabu meno ya mkono wa breki yanayolia ukiuvuta. Kitabu cha lori lako kikitaja idadi, fuata kitabu. Kama huna, kwa malori madogo mengi kati ya meno 5 na 8 ni pazuri, na mkono usifike mwisho wa njia yake. Ukiwa umevutwa, magurudumu yote mawili yasizunguke. Ukishushwa, yote mawili yazunguke kwa mkono mmoja. Kaza nati ya kufungia.

Endesha kilomita tano au kumi ukigusa breki kidogo iwezekanavyo, usimame, na usogeze kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Joto liwe sawa. Upande mmoja ukiwa na joto zaidi, hapo kuna kitu hakirudi, na inabidi ufungue tena. Kebo mpya hujinyoosha kidogo mwanzoni, kwa hiyo pima tena meno baada ya kilomita mia kadhaa.

Na lori likirudi bandani kwa muda mrefu, liache breki ikiwa imeshuka, kabari mbele na nyuma ya gurudumu. Kila mwezi ingia, vuta mkono na uushushe mara tano, ukisikiliza upande wa kushoto.